Thomas Edison, Aliyeipa Kila Taa Njia Yake

Usiku ukiingia Sake, watu huwasha taa zao. Huyu ana tochi, yule ana taa inayolishwa na betri iliyojazwa na jua, mwingine ana ampuli ya umeme inayoning'inia darini. Ukizima taa yako ili ulale, taa ya jirani haizimiki. Jambo hilo laonekana dogo, na hakuna mtu anayelishangaa. Lakini hapo kwanza taa za umeme hazikuwa hivyo. Nyingi zilifungwa pamoja katika waya mmoja, na moja ikifa, nyingine zote zilikuwa karibu kufa pamoja nayo.

Leo tutasoma habari za mtu aliyelitafakari jambo hilo mpaka akalipatia dawa. Jina lake ni Thomas Alva Edison.

1. Mtoto wa gari la moshi

Thomas alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Alikuwa mtoto wa saba, tena kitinda mimba, wa baba Samuel na mama Nancy. Alipokuwa na miaka saba, wazazi wake walihamia Port Huron, katika jimbo la Michigan, karibu na ziwa kubwa.

Shuleni alikaa miezi michache tu. Mama yake, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, alimfundisha nyumbani kusoma, kuandika na kuhesabu. Thomas alipenda sana vitabu vya sayansi. Kila jaribio alilolisoma alitaka kulifanya kwa mikono yake mwenyewe, apate kuona kama ni kweli. Masikio yake yaliharibika alipokuwa angali kijana, naye akabaki mzito wa kusikia mpaka kufa kwake. Hata hivyo hakuufanya uziwi kuwa sababu ya kukaa bure.

Alipopata miaka 12 alianza kazi katika gari la moshi lililosafiri kati ya Port Huron na mji wa Detroit. Aliuza magazeti na peremende kwa wasafiri. Faida aliyoipata alinunulia dawa na vyombo vya majaribio, akavitunza katika behewa la mizigo. Mwaka 1862 alipiga chapa gazeti lake mwenyewe humo humo katika gari, akaliuza.

Mwaka huo huo alimwokoa mtoto mdogo aliyekuwa akicheza juu ya reli, behewa likija kumponda. Baba wa mtoto yule alikuwa mkubwa wa kituo cha gari la moshi. Hakuwa na mali ya kumlipa, lakini alikuwa na ujuzi. Basi akamfundisha Thomas kazi ya telegrafu.

2. Waya mmoja, vituo vingi

Telegrafu ilikuwa njia ya kupeleka habari mbali kwa waya. Mpelekaji alibonyeza kitufe, akafunga na kufungua njia ya umeme; huko mbali chombo kingine kikabisha alama, fupi na ndefu, na msikilizaji akazigeuza kuwa herufi.

Thomas alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, akihama mji baada ya mji. Hapo alijifunza jambo ambalo tutalihitaji katika somo letu. Umeme hutoka katika betri kwa waya, hupita katika chombo, kisha lazima urudi pale ulipotoka. Safari hiyo nzima, kwenda na kurudi, yaitwa mzunguko. Mzunguko ukikatwa mahali po pote, safari yakoma papo hapo.

Sasa, katika nchi ya Marekani vituo vingi vya telegrafu viliungwa juu ya waya mmoja, kimoja baada ya kingine. Waya ukikatika mahali pamoja tu, vituo vyote vya njia ile vilinyamaza. Mafundi walipaswa kutembea kandokando ya waya ili kutafuta pale palipokatika.

Mwaka 1868 Edison alifika Boston, na mwaka 1869 akaenda New York. Huko alianza kutengeneza vyombo vyake mwenyewe na kuviuza. Mwaka 1876 alijenga karakana kubwa mahali paitwapo Menlo Park, katika jimbo la New Jersey. Aliwakusanya humo mafundi wa chuma, wapuliza kioo, seremala na wanahesabu, wote wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1877 karakana hiyo ilitoa fonografu, mashini ya kwanza iliyoshika sauti ya mtu na kuisema tena. Jina la Edison likavuma duniani.

3. Taa kali kupita kiasi

Mnamo Septemba 1878 Edison alikwenda Ansonia, katika jimbo la Connecticut, kuzitazama taa za umeme za fundi mmoja jina lake William Wallace. Zilikuwa taa za namna ya zamani: vijiti viwili vya kaa viliwekwa karibu karibu, na umeme ukaruka kati yake kwa mwanga mkali mno. Mwaka huo huo taa za jamii hiyo ziliangaza barabara kubwa ya Avenue de l'Opéra huko Paris, Ufaransa, na watu walikwenda kuzistaajabia.

Lakini taa hizo zilifaa barabarani na viwandani tu. Katika chumba cha kulala zingepofusha macho, tena zilitoa harufu na vumbi. Na tena nyingi ziliungwa kama vituo vya telegrafu, moja baada ya nyingine juu ya waya mmoja. Moja ikizimika, njia ilikatika, na barabara yote ikaweza kuingia gizani. Mafundi walilazimika kubuni chombo cha kuupitisha umeme kando ya taa iliyokufa.

Edison alirudi nyumbani na swali moja kichwani. Je, mtu awezaje kuugawanya umeme, uwe mwanga mdogo wa upole katika kila nyumba, na kila nyumba iwe na mamlaka juu ya taa yake? Wataalamu wengi wa siku zile walidhani kwamba jambo hilo halitawezekana kwa bei inayofaa. Ili tuelewe kwa nini walisema hivyo, yafaa kwanza tujue njia mbili za kuunga taa.

4. Mfululizo na sambamba

Njia ya kwanza yaitwa mfululizo. Taa husimama kama watu wanaovuka mto juu ya gogo moja: mmoja nyuma ya mwenzake, na hakuna njia nyingine. Umeme unaopita katika taa ya kwanza ndio huo huo unaopita katika ya pili na ya tatu. Nguvu ya betri, ambayo twaipima kwa volti, hugawanywa kati ya taa zote. Betri ikiwa na volti 3 na taa sawasawa zikiwa mbili, kila taa hupata volti 1.5 tu, kwa hiyo huwaka kwa unyonge. Taa zikiwa tatu, kila moja hupata volti 1, na mwanga hupungua zaidi. Tena moja ikiharibika, gogo limevunjika: hakuna anayevuka.

Njia ya pili yaitwa sambamba. Hapa nyaya mbili zatoka katika betri, na kila taa huungwa kati ya nyaya hizo mbili kwa njia yake yenyewe. Kila taa hupata volti zote 3, kana kwamba iko peke yake. Moja ikizimika, nyingine hazina habari.

Fikirini barabara itokayo Goma. Ikifika Sake hugawanyika: moja yapanda kwenda Masisi, nyingine yafuata ziwa kwenda Minova. Lori likikwama katika mlima wa Masisi, magari ya Minova huendelea na safari. Hivyo ndivyo sambamba ilivyo. Lakini lori likikwama kati ya Goma na Sake na kuziba barabara, wote husimama, wa Masisi na wa Minova. Ndiyo sababu swichi iliyowekwa katika waya wa kwanza, kabla ya njia kugawanyika, huzima nyumba nzima, na swichi iliyowekwa katika tawi huzima taa moja tu.

Angalieni jambo jingine tena. Magari ya Masisi na magari ya Minova, yote hupita katika kipande kile kimoja cha Goma hadi Sake. Basi kipande hicho huwa na magari mengi kuliko tawi lo lote. Katika sambamba, umeme wa matawi yote hujumlishwa katika waya mkubwa. Kadiri taa zinavyoongezeka, ndivyo waya mkubwa unavyobeba mzigo mzito zaidi. Likumbukeni neno hili, maana ndilo lililomsumbua Edison.

Mwanafunzi aweza kuyaona haya kwa macho yake. Tafuta betri mbili za tochi, ambazo wengi wetu twaziita mawe ya tochi, na ampuli mbili ndogo zilizo sawa, zenye uzi ndani, na vipande vya waya. Panga betri kichwa cha moja kikigusa tako la nyingine, kama zinavyokaa ndani ya tochi. Hapo betri zenyewe zimo katika mfululizo, na volti 1.5 za kila moja hujumlishwa kuwa 3. Kwanza unga ampuli mbili kwa mfululizo, utazame mwanga. Legeza moja: zote mbili zafa. Kisha ziunge sambamba, utazame tena. Mwanga ni mkali zaidi. Legeza moja: ya pili yaendelea kuwaka. Lakini betri zitachoka upesi, kwa sababu sasa zinalisha njia mbili kwa pamoja. Fanya jaribio hili kwa betri za tochi tu. Waya wa umeme wa nyumba usiuguse kamwe, maana huua.

5. Shida ya shaba

Edison alichagua sambamba. Alitaka mtu aweze kuwasha na kuzima taa yake pasipo kumwomba jirani ruhusa. Lakini papo hapo akakutana na shida ya waya mkubwa.

Umeme mwingi ukipitishwa katika waya mwembamba, waya hupata moto, na nguvu hupotea njiani. Ili mzigo mkubwa upite salama, yafaa waya mnene wa shaba. Na shaba ni ghali. Huku kwetu twajua thamani yake: watu wa Katanga waliiyeyusha tangu kale katika tanuru za udongo, na mwaka 1911 tanuru ya kwanza ya kiwanda ilianza kazi Lubumbashi. Edison alipopiga hesabu ya mji mzima wenye taa sambamba, aliona kwamba shaba ya kuwekwa chini ya barabara ingegharimu mali isiyo na kadiri. Hii ndiyo sababu wataalamu walikata tamaa.

Mwishoni mwa mwaka 1878 kijana mmoja mwenye elimu ya hesabu, Francis Upton, alikuja kufanya kazi Menlo Park. Edison na Upton wakaketi na hesabu. Sisi nasi tufanye hesabu ya namna hiyo, kwa tarakimu nyepesi.

Tuseme taa moja yahitaji nguvu ya wati 75. Wati ni volti mara ampea, na ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Tukiipa taa volti 10, itahitaji ampea 7.5. Tukiipa volti 100, itahitaji ampea 0.75 tu. Mwanga ni ule ule, lakini umeme unaopita katika waya umepungua mara 10. Sasa weka taa 100 sambamba. Katika njia ya kwanza waya mkubwa lazima ubebe ampea 750. Katika njia ya pili ampea 75. Waya wa njia ya pili waweza kuwa mwembamba sana kuliko ule wa kwanza, na mali nyingi yaokolewa.

Lakini taa itakubalije volti 100 bila kuvuta umeme mwingi? Lazima uzi wake uwe mgumu kupitika. Ugumu huo waitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu. Taa ya ampea 7.5 kwa volti 10 ina ukinzani wa omu 1 na theluthi moja. Taa ya ampea 0.75 kwa volti 100 ina omu 133. Wengi waliotengeneza taa kabla ya hapo walitumia vijiti vinene vya kaa, vyenye ukinzani mdogo. Edison akaona kwamba ampasa kutafuta kinyume chake: uzi mwembamba na mrefu, wenye ukinzani mkubwa. Kumbe dawa ya shaba ya mji mzima ilikuwa ndani ya chupa ndogo ya taa!

6. Uzi wa pamba

Kujua kinachotakiwa ni jambo moja, kukipata ni jambo jingine. Uzi mwembamba ukipata moto mkali, huungua mara moja katika hewa. Kwa hiyo mafundi wa Menlo Park walitumia pampu kuitoa hewa katika chupa ya kioo. Walijaribu madini ya platini, lakini yalikuwa ghali, tena yaliyeyuka. Walijaribu mara nyingi, wakavunja chupa nyingi, na fedha za waliowaamini zikawa zinakwisha.

Mnamo Oktoba 1879 walichukua uzi wa pamba, wakauoka mpaka ukawa kaa tupu, wakautia ndani ya chupa isiyo na hewa. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 taa zikajaribiwa, na mmoja wa nyuzi hizo ukawaka zaidi ya saa 12. Ukinzani wa nyuzi za namna hiyo ulikuwa mkubwa, kama hesabu ilivyotaka. Baadaye walijaribu mimea ya namna nyingi sana, na watu walitumwa nchi za mbali kuitafuta, hata wakaona kwamba mwanzi wa Japani ni bora. Taa za mwanzi ziliweza kuwaka zaidi ya saa 1,000.

Yatupasa kusema kweli: Edison hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza taa ya uzi. Huko Uingereza Joseph Swan alikuwa akiionyesha taa yake wakati ule ule, na baadaye wawili hao waliunganisha kazi zao katika nchi ile. Wala Edison hakufanya peke yake. Upton alihesabu, Charles Batchelor alishika nyuzi kwa vidole vyake hodari, na wapuliza kioo walifanya chupa. Sifa yake hasa ni hii: aliifikiria taa, waya, mashini na bei kama kitu kimoja.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1879 watu wengi walifika Menlo Park kwa gari la moshi kuona taa zikiwaka katika karakana na njiani. Taa moja ilipozimwa na kuwashwa tena, nyingine zilibaki kama zilivyo.

7. Mtaa wa Pearl Street

Baada ya hapo ilimpasa kuuangazia mji wenyewe. Edison alinunua nyumba katika Pearl Street, mjini New York, akaweka humo mashini za mvuke na dinamo kubwa. Baiskeli nyingi zina dinamo ndogo inayozungushwa na gurudumu. Kila dinamo ya Edison ilikuwa na uzito wa tani 27 hivi. Nyaya za shaba zilifukiwa chini ya barabara, na Edison mwenyewe alishuka mashimoni pamoja na wafanyakazi.

Kabla ya kufungua, jambo la kutisha lilitokea. Alipounga dinamo mbili sambamba, mwendo wake haukuwa sawa. Moja iliisukuma nyingine, kisha ikasukumwa nayo, na nyumba yote ikatetemeka, wengine wakakimbia nje. Ilibidi kuvifunga pamoja vyombo vya kurekebisha mwendo, ili mashini ziende kwa mapatano. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo haifai kuunga sambamba betri mpya na betri iliyochoka: mpya humaliza nguvu zake kuilisha ile nyingine.

Tarehe 4 Septemba 1882, saa tisa alasiri, umeme ulifunguliwa. Taa 400 hivi ziliwaka kwa wateja wapatao 80, kwa nguvu ya volti 110. Kila mmoja alikuwa na swichi zake. Mwaka 1884 wateja walikuwa wamepita 500, na taa zilikuwa zaidi ya 10,000. Hakuna taa hata moja kati ya hizo iliyomngoja mwenzake.

Edison hakusahau hatari ya sambamba. Mtu akiongeza taa na vyombo bila kiasi, umeme wa matawi hujumlishwa, waya hupata moto, na nyumba yaweza kuungua. Kwa hiyo aliweka katika kila njia kipande kifupi cha risasi, madini laini yanayoyeyuka upesi. Mzigo ukizidi, kipande huyeyuka, mzunguko hukatika, na nyumba hupona. Hicho ndicho twakiita fyuzi. Angalieni basi: fyuzi huwekwa kwa mfululizo na njia inayoilinda, ili kufa kwake kuizime njia hiyo. Kasoro ya mfululizo imegeuzwa kuwa ulinzi. Wale wanaotoa fyuzi na kuweka waya mnene mahali pake, na wale wanaounga nyumba tano juu ya waya mwembamba wa nyumba moja, wanamfukuza mlinzi na kumwacha mwizi mlangoni.

Mwaka 1883 Edison aliziunga njia zote mbili pamoja. Dinamo mbili za volti 110 ziliwekwa kwa mfululizo, zikawa volti 220. Waya wa tatu ukatolewa katikati yake, na taa zikaungwa sambamba kila upande kwa volti 110. Mpango huo wa waya tatu uliokoa zaidi ya nusu ya shaba. Ulianza kazi katika mji wa Sunbury, jimbo la Pennsylvania, tarehe 4 Julai 1883.

8. Ubishi wake

Mtu mkubwa naye huweza kushupaa. Umeme wa Edison ulikwenda upande mmoja tu daima, na kwa volti 110 haukuweza kufika mbali zaidi ya kilometa moja na nusu hivi toka kwenye mashini. Wengine, kama George Westinghouse na Nikola Tesla, walileta umeme wa kugeuka-geuka, ambao volti zake zaweza kupandishwa ili usafiri mbali, kisha zikashushwa karibu na nyumba. Edison aliupinga kwa nguvu, akiwatia watu hofu juu yake. Mwaka 1888 wanyama waliuawa katika karakana yake ili kuonyesha hatari yake. Haikumletea heshima. Umeme wa kugeuka-geuka ulishinda, na mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, jina lake likaondolewa.

Ndiyo maana maporomoko ya mbali yaweza kuangazia miji. Mtambo wa Matebe, unaotumia maji ya mto Rutshuru, ulifunguliwa mnamo Desemba 2015, na baadaye umeme wake ukasafiri makumi ya kilometa mpaka Goma. Husafiri kwa njia ya wapinzani wa Edison. Lakini ukiisha kuingia nyumbani, taa huungwa sambamba, kama Edison alivyochagua.

9. Kufa kwake

Edison aliendelea kufanya kazi mpaka uzee. Nchi ya Marekani ilimwandikia hati 1,093 za uvumbuzi. Alikufa tarehe 18 Oktoba 1931 huko West Orange, New Jersey, akiwa na miaka 84.

Watu walitaka kumpa heshima kwa kuuzima umeme wa nchi nzima kwa dakika moja. Lakini rais Herbert Hoover aliona kwamba haiwezekani. Hospitali, pampu za maji na magari ya umeme vilitegemea umeme, na kuukata pale unapotoka kungehatarisha maisha ya watu. Basi akawaomba wananchi kwamba, usiku wa maziko, tarehe 21 Oktoba, kila mtu apunguze taa zake kwa hiari yake.

Wakafanya hivyo. Nyumba moja ikazima, na ya pili, na ya elfu, kila moja kwa swichi yake, na giza likaenea pole pole katika miji. Na katika hospitali, usiku ule ule, juu ya nyaya zile zile, taa za wagonjwa ziliendelea kuwaka.

Maswali

1. Mzunguko wa umeme ni nini?
2. Kwa nini vituo vyote vya telegrafu vilinyamaza waya ulipokatika mahali pamoja?
3. Chora ampuli mbili na betri moja kwa mfululizo, kisha kwa sambamba. Katika mchoro wa pili, weka swichi inayozima zote mbili, na nyingine inayozima moja tu.
4. Betri nne za volti 1.5 zimepangwa kwa mfululizo. Zatoa volti ngapi?
5. Kwa nini uzi mwembamba wa taa uliokoa shaba ya mji mzima?
6. Jirani yako ataka kuunga nyumba yake juu ya waya mwembamba wa nyumba yenu. Mweleze kwa adabu hatari iliyopo.